King'ora Bila Msikilizaji ni Kelele Tu

Yeyote atembeaye katika mitaa ya Kileleshwa, Lavington au South B jijini Nairobi hakosi kuviona vibao vidogo vilivyopigiliwa malangoni, vikimwonya mpita njia kwamba nyumba hiyo inalindwa na kampuni fulani, na kuwa mwizi akithubutu kuingia atafikiwa mara moja. Kibao cha namna hiyo kipo katika lango langu pia. Nakilipia kila mwezi, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikikitazama kwa utulivu wa moyo, mfano wa mtu aliyekata bima. Leo ningependa kuwaeleza wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, jinsi mtambo ulio nyuma ya kibao hicho unavyofanya kazi, na kwa nini usiku mmoja uliifanya kazi yake barabara na bado ukatuacha peke yetu.

Mama yangu mzazi, ambaye ni mkazi wa Mombasa, alikuwa amekuja kututembelea. Jioni hiyo nilikuwa na darasa chuoni, naye alibaki nyumbani na mjukuu wake wa miaka sita. Kabla sijaondoka nilimwonyesha tena kitufe chekundu kilicho ukutani, kando ya kitanda chake. "Mama, ukisikia jambo la kukutia hofu, bonyeza hapa," nilimwambia. "Watapiga simu na kukuuliza neno la siri. Ukishalitaja, watakuja." Neno lenyewe alilikariri mbele yangu mara tatu, kisha akanicheka kwa kumfanya mwanafunzi.

Yapata saa tatu na nusu usiku alisikia vyuma vya dirisha la jikoni vikipindwa. Akabonyeza. Haikupita dakika moja, simu ikalia. Alikuwa kijana mwenye sauti ya adabu. "Mama, naomba paswadi," akasema. Mama hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Lililo karibu nalo katika msamiati wake ni pasipoti, naye akajibu vivyo hivyo: "Pasipoti sina, mwanangu. Mimi ni mtu wa papa hapa, wa Mombasa." Kijana alirudia swali lake, mama akarudia jibu lake. Ndipo kijana akaonelea arahisishe mambo. "Lakini mko salama, mama?" akauliza. Mama, kama alivyolelewa, akajibu: "Salama, alhamdulillahi, ila..." Kijana alishukuru na kukata simu kabla ya hiyo "ila" kufika popote.

Gari halikuja. Mama alipanda ghorofani na mtoto, akafungua dirisha, akapiga ukunga kama walivyokuwa wakipiga wanawake wa mtaa wao alipokuwa msichana. Taa za majirani zikawaka. Bawabu wa ploti ya pili akapuliza filimbi, na watu wakatoka na tochi na rungu. Wezi walikimbia na mtungi wa gesi uliokuwa barazani na viatu vya binti yangu. Niliporudi saa nne na nusu nilikuta sebule imejaa majirani, wawili kati yao nikiwa sijawahi kujua majina yao, na mama akiwamiminia chai.

Kesho yake nilikwenda katika ofisi za kampuni hiyo. Sitaitaja jina, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu. Walinionyesha kumbukumbu zao pasipo kuficha lolote. Ishara kutoka nyumbani kwangu ilikuwa imefika baada ya sekunde nne. Simu ilipigwa sekunde thelathini na tano baadaye. Mwishoni mpokezi alikuwa ameandika kuwa aliyemo nyumbani amejibu, yu salama, na kwamba kitufe kilibonyezwa kwa bahati mbaya.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe. Mlangoni huwekwa vijiti viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo, na katika ubao wa mlango hutiwa sumaku ndogo. Mlango ukiwa umefungwa, sumaku huvishikanisha vijiti hivyo na umeme hupita. Mlango ukifunguliwa, sumaku husogea mbali, vijiti huachana na umeme hukatika. Huko kukatika ndiko kunakochukuliwa kuwa habari. Kwa sababu hiyo mwizi ajionaye mwerevu, akaja na koleo na kuukata waya, huwa ametoa habari ileile ambayo angeitoa kwa kuufungua mlango. Sebuleni huwekwa kitambuzi cha namna nyingine, ambacho hupokea miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Hiki hakimwoni mtu. Huona joto linalohama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Paka aliyenona humtosha. Hata pazia lililopigwa na jua la mchana, likipeperushwa na upepo, laweza kukifanya kiamini kuwa pana mgeni.

Vitambuzi vyote hivi hupeleka habari katika kisanduku ambacho aghalabu hufichwa kabatini. Ndani yake mna ubongo mdogo wa tarakilishi na betri ya volti 12, ili stima ikipotea ulinzi usipotee nayo. Betri hiyo huchakaa baada ya miaka michache, na wengi wetu hatuikumbuki mpaka uje usiku kama ule wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi yetu ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Mwenye nyumba aingiapo hupewa muda mfupi, mathalan nusu dakika, wa kubonyeza tarakimu zake za siri kabla kisanduku hakijaamua kuwa yeye ni mwizi.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Kuna mitambo ambayo hupiga king'ora tu na kuiachia dunia shughuli iliyobaki. Na kuna ile iliyounganishwa na kituo cha kupokea ishara, ambako watu huketi mbele ya viwambo usiku na mchana. Hii ya pili ndiyo tunayoilipia kila mwezi. Ujumbe wake husafiri kwa redio, kwa waya wa simu, kwa laini ya simu ya mkono iliyotiwa ndani ya kisanduku, au kwa intaneti. Kitufe cha dharura hutuma ujumbe huohuo, na mara nyingi hufanya hivyo kimyakimya, ili aliye ndani ya nyumba na bastola asijue kuwa ameshtakiwa.

Mimi ni mtu wa isimu, na hapa ndipo niliposisimka. Ujumbe huo una sarufi. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana duniani, uitwao Contact ID, kila sentensi ina alama 16, si zaidi wala si pungufu. Tuseme akaunti yangu ni 4521. Mama alipobonyeza, kisanduku kingesema hivi: 4521 18 1120 01 005 4. Tarakimu nne za kwanza ni kiima, yaani nyumba inayosema. 18 hutambulisha lugha inayotumiwa. 1 inayofuata hutujulisha kuwa tukio linaanza. Lingekuwa limekwisha, pangewekwa 3, jambo ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliliita njeo, nami sikuona sababu ya kumkosoa. 120 ni kilio cha dharura. Uvunjaji wa nyumba ni 130, moto ni 110, na kupotea kwa stima ni 301. Tarakimu zilizobaki hueleza sehemu ya nyumba na kitambuzi kilichosema.

Ile 4 ya mwisho ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Mwalimu wa hisabati na awaombe wanafunzi wake wajumlishe tarakimu zote 16, kila sufuri ikihesabiwa kuwa kumi. Watapata 75, ambayo yagawanyika kwa 15 bila salio. Kituo cha kupokea hufanya hesabu hiyohiyo, na ikiwa jumla haigawanyiki hujua kuwa ujumbe umeharibiwa njiani, nacho huusubiri tena. Je, si hivyo hasa ufanyavyo upatanisho wa kisarufi katika lugha yetu? Tunaposema "kitabu kile kikubwa kimepotea", ile "ki" hurudiwa mara nne. Mgeni hulalamika kwamba twajisumbua bure. Lakini msemaji akiwa kwenye matatu yenye muziki wa kupasua masikio, silabi moja ikimezwa na kelele, zile nyingine humwambia msikilizaji ni kitu cha ngeli gani kilichopotea. Lugha na mtambo vimelitatua tatizo moja kwa njia moja. Na kituo kikiridhika hurudisha mlio mfupi wa kukiri kuwa kimesikia. Kisanduku kisipoupata mlio huo huendelea kutuma. Hakikati simu katikati ya "ila".

Hata kimya kina maana katika lugha hii. Kila baada ya muda uliopangwa kisanduku hutuma ujumbe wa kusema tu kwamba kipo, hakina jipya. Mwizi akitumia chombo cha kuziba mawimbi ya simu, au akiung'oa mtambo mzima, ujumbe huo haufiki, na kutofika kwake ndiko kunakomwamsha mpokezi. Wanafunzi wa mofolojia watakumbuka mofimu kapa. Kiambishi kisichoonekana katika "simu" moja na "simu" nyingi hakikosi kazi yake kwa sababu hakitamkwi. Msomaji mwenye mtambo na aiulize kampuni yake swali moja: kisanduku changu kikinyamaza, mtatambua baada ya muda gani? Jibu laweza kuwa dakika chache, laweza kuwa siku nzima, na tofauti hiyo aghalabu huwa ni ya bei.

Mitambo hii si migeni kama tunavyodhani. Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya wezi ya umeme mwaka 1853, naye Edwin Holmes akainunua miaka minne baadaye na kuifanya biashara. Nyaya ambazo kampuni ya Holmes ilikuwa imezitandaza mjini Boston kwa ajili ya kengele hizo ndizo zilizotumiwa mwaka 1877 kuunganishia simu katika kituo kimoja. Waya ulibeba ishara ya mwizi kabla haujabeba sauti ya binadamu. Mwaka 1969 muuguzi wa New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert, walipewa hataza ya mtambo wa nyumbani uliokuwa na kamera, runinga, kitufe cha kuita msaada, na vipaza sauti ili aliye ndani aweze kusemezana na aliye mlangoni. Waliishi katika mtaa ambako polisi walikawia kufika. Muuguzi huyo hakuridhika na kengele tupu. Alitaka mazungumzo.

Na mazungumzo ndiyo yaliyotushinda sisi. Nisingependa kumlaumu yule kijana peke yake. Kazi yake ni kukaa usiku kucha akipokea vilio ambavyo vingi si vilio. Huko Marekani, ambako mambo haya yamechunguzwa kwa miaka mingi, imeonekana tena na tena kuwa zaidi ya ishara tisa kati ya kila kumi zinazowafikia polisi ni za uongo: paka, pazia, mtoto, mwenye nyumba aliyesahau tarakimu zake. Jiji la Salt Lake City lilichoka, na tangu mwaka 2000 polisi wake hawaendi penye king'ora cha wizi mpaka kwanza mtu athibitishe kwa macho. Wahenga wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu hii yetu imelia mara nyingi mno bila jambo, na masikio ya mlinzi yameota sugu.

Ndiyo maana neno la siri likabuniwa. Mpokezi hapaswi kuuliza iwapo u salama, kwa kuwa mtu aliyewekewa kisu shingoni atajibu kuwa yu salama. Hupaswa kuuliza neno. Likitajwa sawasawa, basi ni mwenye nyumba. Lisipotajwa, au likitajwa visivyo, gari liondoke, hata kama sauti iliyo upande wa pili ni ya bibi kizee mtulivu. Kampuni zilizo makini huweka pia neno la pili, ambalo masikioni mwa mwizi ni neno la kawaida na masikioni mwa mpokezi ni kilio. Watu wa pwani, waliozoea kutumiana mafumbo kwa maandishi ya leso, hawahitaji kufundishwa ufundi huo. Kanuni ilikuwapo, basi, na kijana aliiacha, kwa sababu alisikia "salama".

Lakini "salama" ya mama yangu haikuwa habari. Ilikuwa itikio la salamu. Mswahili akiulizwa hali hujibu njema hata akiwa matangani. Kwanza humshukuru Mungu, kisha husema "ila", na yaliyo mazito hufuata baada ya "ila" hiyo. Kila mwalimu wa Kiswahili analijua jambo hili, na kila mtoto aliyelelewa na nyanya pwani amelisikia. Kijana yule, ambaye bila shaka anazungumza Kiswahili kila siku ya maisha yake, alimsikiliza mama kama kwamba kila neno ni tarakimu: salama ni salama, funga faili. Mashine ilikuwa imejifunza kusubiri hadi mwisho wa sentensi. Mtu hakusubiri.

Nami nina langu la kujibu. Nilimfundisha mama "neno la siri" kwa sababu ndicho Kiswahili, bila kujishughulisha kujua kuwa katika kituo kile neno hilo halisemwi. Nilisomea maneno hadi nikapewa shahada ya uzamifu, nikashindwa kuuliza ni neno gani litakalotumika kumwokoa mama yangu. Mkataba wangu una kurasa kumi na moja za Kiingereza chenye herufi za sisimizi. Nilitia saini pasipo kuusoma wote. Nilipousoma baada ya tukio niligundua kuwa kampuni haijiwajibishi kwa hasara yoyote, na kwamba imeahidi "kujitahidi" kufika, bila kutaja dakika. Tena walinzi wa magari haya kwa kawaida hawabebi bunduki; penye hatari hasa, huwategemea askari polisi. Hayo yote ni mambo ambayo mtu angetaka kuyajua kabla ya kulala usingizi.

Ni nani hasa wabonyezao vitufe hivi mchana, wenye mishahara wakiwa kazini? Ni yaya, ni mtunza bustani, ni nyanya aliyetoka mashambani, ni mtoto aliyerudi shuleni. Kwa hawa, kibao cha tarakimu kimeandikwa Kiingereza, maagizo ni ya Kiingereza, na swali litakalokata shauri la maisha yao ni la Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu kile alichonunua. Kadhalika, sheria ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa kibinafsi iliunda mamlaka ya kuzisimamia kampuni hizi. Ningeiomba mamlaka hiyo idai mambo mawili tu: mkataba wa Kiswahili kwa kila atakaye, na mpokezi afundishwe kuuliza maswali yake kwa maneno ambayo aliye nyumbani ameyachagua mwenyewe siku mtambo ulipowekwa. Gharama yake ni karatasi.

Kuna wenzangu watakaoniambia kuwa mitambo hii ni anasa ya watu wachache, na kwamba Mkenya wa kawaida hulindwa na kufuli, mbwa na Mungu. Wana haki. Ila wajue pia kuwa shule zetu zinazidi kuifunga katika vyumba vya tarakilishi, na wakati wa likizo aliyebaki huko ni bawabu mmoja. Mwalimu mkuu na amwulize bawabu huyo kama anajua simu ikilia ataulizwa nini, na kwa lugha gani.

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno katika uwanja huu. Tuna ukunga, tuna unyende, tuna mayowe, tuna kamsa ambayo magazeti yetu huitumia kila juma. Maneno haya yote yana sifa moja ambayo mtambo hauna. Ukunga hauna akaunti. Hauelekezwi kwa fulani. Kila mwenye masikio ameitwa, na asiyetoka ataulizwa kesho. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013 ulijaribu kuyarudisha mazoea hayo mijini. Katika mtaa wetu ulikufa baada ya mikutano miwili, mimi nikiwa mmoja wa wale ambao hawakuhudhuria hata mmoja, kwa kuwa nilikuwa na kibao langoni. Majirani waliotoka usiku ule hawakuwa wanalipwa na mtu. Mmoja wao alitoka akiwa na ndara guu moja.

Sijaung'oa mtambo. Nimebadilisha betri, nimeongeza taa jikoni, na kando ya kitufe chekundu nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: PASWADI MAANA YAKE NI NENO LA SIRI. Mama, alipoiona, aliuliza kwa nini wao wasibandike yao.

Niliiandikia kampuni barua ndefu ya Kiswahili nikiyaeleza haya yote, pamoja na orodha ya istilahi ambazo wangeweza kuzitumia pasipo malipo. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, la heshima sana, kwa Kiingereza. Nakala ninayo, na muhula huu wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wataifasiri kama zoezi.